Jinsi ya Kuichambua Nambari Kubwa kwa Kalamu na Karatasi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii. Hata ukiwa umeketi kwenye benchi nje ya duka hapa Nyamarambe, unaweza kuichambua nambari hiyo mpaka mbegu zake. Unahitaji kalamu, ukurasa wa daftari na kikokotoo cha simu, hata simu ya vibonyezo. Bando halihitajiki.

Tunatafuta nini? Vigawo, yaani nambari zinazoigawanya nyingine bila kubakiza kitu. Tazama trei ya mayai 30: safu 5, kila safu mayai 6. Yai moja likivunjika, yale 29 hayapangiki tena kwa safu zilizo sawa, ila uyatandaze kwenye mstari mmoja. Nambari kama 29 huitwa tasa: hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu.

Uanzie wapi? Mkiani. Nambari yetu inaishia kwa 0, kwa hiyo 5 imo. Tarakimu mbili za mwisho, 60, zinagawanyika kwa 4, basi nambari nzima pia inagawanyika kwa 4. Nne mara tano ni 20. Gawanya kwa 20, upate 63,343.

Je, 3 na 9? Rudi kwenye nambari ya kwanza ujumlishe tarakimu zake: 1+2+6+6+8+6+0 ni 29. Kwa kuwa 29 haigawanyiki kwa 3, nambari yetu nayo haigawanyiki. Ukigawanya 29 kwa 9, inabaki 2. Maana yake, ungewagawa watu wote sawasawa kwa maeneobunge 9 ya Kisii, kila moja lingepata 140,762, na wawili wangeachwa stejini.

Sasa jaribu 7: 63,343 ÷ 7 = 9,049.

Utajuaje umefika mwisho? Usihangaike hadi 9,049. Tafuta kipeuo cha pili, yaani nambari inayozidishwa kwa yenyewe ikatoa hiyo. 95 × 95 ni 9,025. 96 × 96 inapita. Kigawo kimoja kikizidi 95, mwenzake ni mdogo, na ungekwisha kukutana naye. Basi jaribu nambari tasa kuanzia 7 hadi 89. Ziko 21, na zote zinabakiza kitu. 9,049 ni tasa.

Jibu: 1,266,860 = 2 × 2 × 5 × 7 × 9,049.

Faida yake? Kuzidisha ni kazi ya dakika. Kurudi nyuma hadi kwenye vigawo ndiko kunakochosha. Juu ya ugumu huo wanasayansi wa kompyuta Rivest, Shamir na Adleman walijenga mwaka 1977 kufuli ya siri iitwayo RSA, inayotumika kwenye intaneti, kwa nambari zenye mamia ya tarakimu.

Zoezi lako ni Kaunti ya Nyamira: watu 605,576 katika sensa hiyo ya 2019. Anza na 8, ukiangalia 576 ya mwisho. Kuhusu 9 usisumbuke: tarakimu za 605,576 nazo zinafika 29, kwa hiyo wawili watabaki.