DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 9: Hatua za Mzee Wako

 

Leo turudi nyuma kidogo, Ramadhani ya 2020. Mnaikumbuka? Misikiti imefungwa tangu Machi, kafyu inaanza saa moja ya usiku, tarawehe kila mtu na watu wake sebuleni. Mwezi wa Mei, mfungo haujesha, Mji wa Kale hapa Mombasa ukafungwa: hakuna kutoka wala kuingia. Tulitii, na kutii kulikuwa sawa. Mtume (s.a.w.) alishatufundisha kuwa pakizuka tauni mahali, walio nje wasiingie na walio ndani wasitoke.

Lakini kuna jambo hatukuliona.

Babangu alikuwa na miaka 69. Kabla ya korona alikwenda msikitini vipindi vyote vitano kwa miguu. Kwa mwendo wake ni dakika saba. Hebu tupige hesabu: kwenda na kurudi 14, mara tano, ni dakika 70 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Babangu alikuwa akizimaliza siku ya tatu, na wala hajui kama ni mazoezi. Yeye anakwenda kuswali tu. Na hapo sijataja baraza, kahawa na kucheka na wenzake.

Misikiti ilipofunguliwa Julai, waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Sisi watoto tukaona sasa ndio wakati wa kumhudumia. Maji tunamletea, chai tunamletea, rimoti mkononi. Akiinuka tu, "Baba keti, wataka nini?" Kliniki ya presha tukaiahirisha kwa kuogopa msongamano, mwezi huu, kisha mwezi ule. Tukidhani hayo ndiyo mapenzi.

Aliporuhusiwa kurudi, msikiti ulikuwa ule ule, lakini miguu haikuwa ile. Vidaraja vitatu vya mlangoni alivipanda kwa kushikwa mkono. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Leo anaswali kwa kiti, nyuma. Korona haikumgusa. Kiti ndicho kilichomuweza, na mimi ndiye niliyemsogezea. Nilikuwa nikiwahimiza watu wakae ndani, sikumfundisha hata mmoja namna ya kukaa.

Msuli usiotumika hupungua. Kwa mzee hupungua upesi na kurudi polepole. Msuli huo ndio unaotumia sukari iliyo kwenye damu. Ukilala, sukari nayo hupanda. Kisha mzee akiogopa kuanguka huzidi kukaa, na akizidi kukaa ndipo anapoanguka kweli.

Banu Salima walikaa mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.), wakataka kuhamia karibu. Akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Kumbe hatua za mzee wako ni thawabu, na ni dawa pia.

*Kazi ya leo:*

1. Mzee ambaye hakurudi msikitini tangu wakati ule, mchukue kwa swala moja tu. Isha ikiwa nzito, basi Alasiri. Ukimpeleka kwa tuktuk, mshushe kabla ya kufika, mtembee naye.
2. Asiyeweza kutoka, baada ya kila swala akae na kuinuka kwenye kiti imara mara chache, mtu awe karibu naye.
3. Maji anywe kidogo kidogo baina ya futari na daku. Sukari ya chai ipunguzeni.
4. Mwenye kisukari au presha aulize daktari kuhusu funga na saa za dawa. Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kula. Asione haya kuitumia.

Na tukifungiwa tena siku moja, Allah atuepushe, tuwakinge wazee wetu na maradhi, tusiwakinge na kutembea.

Ewe Mola, wape wazee wetu afya na mwisho mwema, na utusamehe tuliyowakosea kwa kutojua. Aamin.

Swali la kulala nalo: ni mzee gani wa safu ya kwanza hujamuona tangu 2020? Kesho, inshallah, mgongee mlango.