DAMU BAADA YA KUJIFUNGUA: IPIMWE, ISIKISIWE

Mama amejifungua. Mtoto amelia. Nje, shangazi na mama mkwe wanapiga vigelegele. Kila mtu anataka kumwona mtoto. Je, nani anamtazama mama?

Somo letu la leo linamhusu mama huyo. Saa za kwanza baada ya kujifungua ni saa za hatari kwake. Hatari kubwa ni kutokwa na damu nyingi. Mama aliyekuwa na afya njema asubuhi anaweza kufa kabla ya jioni, asipotibiwa upesi. Lakini dawa zipo, na njia ya kumwokoa inajulikana. Tujifunze pamoja.

KWA NINI DAMU HUTOKA?

Mtoto akiwa tumboni hulishwa kwa njia ya kondo. Kondo limeshikamana na mji wa mimba. Mtoto akizaliwa, kondo nalo hubanduka na kutoka. Pale lilipobanduka hubaki mishipa ya damu iliyo wazi.

Kwa kawaida mji wa mimba hujikaza kama ngumi. Ukijikaza, huibana mishipa hiyo na damu hupungua. Ukilegea, mishipa hubaki wazi na damu huendelea kutoka. Hiyo ndiyo sababu kubwa. Sababu nyingine ni kuchanika kwa njia ya uzazi, au kipande cha kondo kubaki ndani.

Kila mama hutokwa na damu kiasi anapojifungua. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini damu ikifika nusu lita, hiyo ni nyingi. Nusu lita ni mililita 500.

MACHO HUDANGANYA

Kwa miaka mingi wauguzi wamekuwa wakitazama damu kitandani na sakafuni, kisha wakikisia. Kukisia ni kusema kiasi bila kupima.

Jaribu jambo hili nyumbani. Pima nusu lita ya maji. Yamwage juu ya khanga iliyokunjwa. Kisha mwite jirani, umwulize ni maji kiasi gani. Huenda atataja kiasi kidogo kuliko ulichomwaga. Khanga imeyanywa maji. Damu nayo hunywewa na khanga na godoro vivyo hivyo. Muuguzi hodari naye anaweza kukosea.

MFUKO WENYE ALAMA

Siku hizi kuna kipimo. Ni karatasi ya plastiki yenye mfuko. Hutandikwa chini ya mama baada ya mtoto kuzaliwa. Damu huingia mfukoni. Mfuko una alama za mililita, na muuguzi husoma damu imefika wapi.

Kipimo hiki kilijaribiwa katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Baadhi ya hospitali zilipima kwa mfuko na kutibu kwa utaratibu mpya. Nyingine ziliendelea na utaratibu wa zamani.

Tazama tofauti. Katika kila akina mama 100 waliotokwa na damu nyingi, hospitali za utaratibu mpya ziliwatambua 93. Hospitali za utaratibu wa zamani ziliwatambua 51 tu. Tena, katika hospitali za utaratibu mpya, akina mama waliopatwa na madhara makubwa walikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu.

Utaratibu mpya wa kutibu ni upi? Ni kufanya mambo haya kwa pamoja, bila kusubiri moja lishindwe ndipo lifuate jingine:

- Kuusugua mji wa mimba juu ya tumbo ili ukaze.
- Kumpa mama dawa ya kuukaza mji wa mimba.
- Kumpa dawa ya kusaidia damu kuganda.
- Kumwongezea maji kwa mshipa.
- Kumkagua ili kujua damu inatoka wapi, na kuita msaada ikiwa haikomi.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwingine. Muuguzi asisubiri damu ifike nusu lita ikiwa mama ana dalili mbaya. Damu ikifika mililita 300, na moyo unakwenda mbio au shinikizo la damu limeshuka, matibabu yaanze. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

KAZI YAKO WEWE

Mfuko huu haujafika kila mahali. Tena, usiku muuguzi mmoja huenda anawahudumia akina mama kadhaa. Jicho lako linaweza kumsaidia. Basi fanya haya:

1. Mama ajifungulie zahanati, kituo cha afya au hospitali. Abaki huko angalau saa 24. Usimharakishe kurudi nyumbani.

2. Usifue wala kuficha khanga zenye damu. Mwonyeshe muuguzi kwanza. Damu ya uzazi si aibu.

3. Mama akojoe mara kwa mara. Kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kujikaza.

4. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Anaponyonya, mji wa mimba hujikaza.

5. Mwite muuguzi mara moja ukiona damu inalowesha nguo upesi, au mabonge makubwa ya damu. Mwite pia mama akiona kizunguzungu, akitoka jasho la baridi, au moyo ukienda mbio. Kumwita si utovu wa adabu.

6. Wewe baba, panga mapema. Tafuta chombo cha usafiri. Weka akiba ya fedha. Zungumza na ndugu walio tayari kutoa damu.

Mama akiwa amekwisha kurudi nyumbani, na damu ikaanza kutoka kwa wingi, msisubiri kuche. Msipoteze muda kwa mitishamba. Mlazeni, mfunikeni, mpeni mtoto anyonye, na mwanze safari ya kwenda hospitali.

Ndugu msomaji, tupige vigelegele kwa ajili ya mtoto. Lakini mmoja wetu akae kando ya mama, amtazame.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mji wa mimba ukilegea baada ya kujifungua, nini hutokea?
2. Kwa nini kukisia damu kwa macho ni hatari?
3. Kwa nini tusifue khanga kabla muuguzi hajaziona?
4. Mama akitokwa na damu nyingi usiku katika kijiji chako, atafikaje hospitali? Nani atatoa chombo? Kubalianeni leo.