Maswali na Majibu: Kioo Cheusi, Draiva na Mafundi wa Kupiga Windows

Katika jiji la Arusha na vitongoji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, Linux, yaani mfumo endeshi wa chanzo huria ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha, mara nyingi huendeshwa kwenye kompyuta mpakato za mtumba, na hitilafu za kioo ni miongoni mwa mambo yanayowavunja moyo wamiliki wake mapema. Maswali yafuatayo yamechaguliwa kwa sababu majibu yanayotolewa mitaani yanawagharimu watu fedha, nyaraka na wakati mwingine mashine nzima. Namna ya kusakinisha mfumo wenyewe haielezwi hapa, na amri zinazotajwa ni za Ubuntu, Debian na jamaa zake.

Barua za Sakina, Njiro na Usa River: Baada ya masasisho kioo kimebaki cheusi, na fundi amesema ama kioo kimekufa, ama dawa ni kupiga Windows. Je, ni kweli?

Si kweli, na kwa kuwa barua hizi zinafanana zinajibiwa kwa pamoja. Kioo kinachoonyesha nembo ya mtengenezaji mara mashine inapowashwa ni kizima. Kilichokwama ni hatua ya baadaye, pale ambapo kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia vifaa vyote, inapaswa kuiwasha kadi ya michoro kwa kupitia draiva, ambayo ni programu inayojua kuiamuru kadi hiyo. Masasisho yanapoleta kerneli mpya, draiva ya NVIDIA ambayo haimo ndani ya kerneli hulazimika kujengwa upya, kazi inayofanywa na programu iitwayo DKMS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye mashine ambayo betri yake imechoka, au sehemu ya diski iitwayo /boot ikiwa imejaa, kerneli mpya hubaki bila draiva yake na kioo hubaki cheusi.

Tiba huanza kwa kuwasha mashine huku kitufe cha Shift kikiwa kimebonyezwa, au Esc kwenye mashine mpya zaidi, mpaka orodha ya GRUB itokee, kisha katika chaguzi za ziada huchaguliwa kerneli iliyotangulia, ambayo kwa kawaida bado ipo na bado ina draiva yake. Mfumo ukiisha kuwaka, amri ya “sudo dpkg --configure -a” hukamilisha vifurushi vilivyokatizwa, na ya “sudo apt -f install” huvirekebisha vilivyokosa tegemeo. Fundi anayefuta mfumo mzima pamoja na picha, hesabu na tasnifu za mwenye mashine ili kuondoa hitilafu ambayo amri mbili zingeimaliza hajatengeneza chochote, bali amemtwisha mteja gharama ya kutojua kwake.

Je, draiva ya kadi ya michoro ya Linux inapakuliwa kutoka tovuti gani?

Swali hili limeletwa na watu wengi kuliko mengine yote, na linastahili kujibiwa kwa kirefu, kwani dhana iliyomo ndani yake ndiyo inayozaa nusu ya matatizo mengine. Mtu aliyezoea Windows hudhani kwamba kila kifaa kina draiva yake mahali fulani mtandaoni, kwamba kazi ya fundi ni kuitafuta, na kwamba iliyo mpya zaidi ndiyo bora; kwa hiyo anapoona kioo kinacheza hukimbilia kupakua. Katika Linux mpangilio ni tofauti tangu msingi.

Draiva ya michoro ya Linux imegawanyika katika tabaka kadhaa. Tabaka la chini liko ndani ya kerneli yenyewe: huitwa i915 kwa kadi nyingi za Intel, amdgpu au radeon kwa kadi za AMD, na nouveau kwa kadi za NVIDIA. Tangu kerneli ya 2.6.29, iliyotoka mwaka 2009, tabaka hili lilianza kupewa pia jukumu la kupanga ukubwa wa picha na kasi ya kioo, jukumu ambalo hapo awali lilikuwa la programu ya juu. Tabaka la pili ni Mesa, mkusanyiko wa programu unaogeuza maombi ya michoro ya kawaida na ya pande tatu kuwa amri ambazo kadi husika inazielewa. Tabaka la juu ni mfumo wa madirisha, ambao ama ni Xorg, utekelezaji wa mfumo wa X uliozaliwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, ama ni Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008 ili kuchukua nafasi yake. Tabaka zote hizi hutolewa, hujaribiwa na husasishwa pamoja na watunzaji wa mfumo, na humfikia mtumiaji kupitia ghala la vifurushi. Mwenye kadi ya Intel au ya AMD, kwa hiyo, hana draiva ya kutafuta, kwa sababu anayo tangu siku aliyosakinisha mfumo.

Uthibitisho wake ni amri ya “lspci -k”, ambayo huorodhesha vifaa na kuonyesha chini ya kila kimoja ni draiva gani inayokitumikia kwa sasa. Ikiwa chini ya kadi ya michoro limeandikwa jina mojawapo kati ya yaliyotajwa, kupakua draiva nyingine ni kuleta ugonjwa mahali penye afya. Mfano ulio wazi ni ule wa fglrx, draiva ya zamani ya AMD iliyofungwa msimbo wake, ambayo Ubuntu iliiacha tangu toleo la 16.04 la mwaka 2016. Bado kuna watu wanaofuata maelekezo ya kale na kujaribu kuilazimisha kwenye mifumo ya leo, kisha wanailaumu Linux kioo kinapozimika.

NVIDIA ndiyo pekee inayohitaji uamuzi. Kampuni hiyo kwa miaka mingi haikutoa msimbo wa draiva yake, ndiyo maana wanaprogramu wa kujitolea waliichunguza tabia ya kadi zake na kuandika nouveau, iliyoingizwa katika kerneli mwaka 2010, na ni mwaka 2022 tu kampuni ilipofungua sehemu ya kerneli ya draiva yake kwa ajili ya kadi mpya. Anayehitaji nguvu kamili ya kadi yake hutumia draiva ya kampuni, lakini kwenye Ubuntu huipata kwa “ubuntu-drivers devices”, ambayo hupendekeza mfululizo unaoifaa kadi, na “sudo ubuntu-drivers install”, ambayo huisakinisha. Mpya zaidi si bora hapa: kadi za GeForce za mfululizo wa 400 na 500 huishia kwenye draiva za 390, ambazo kampuni iliacha kuzitunza mwaka 2022, na kadi za kizazi cha Kepler huishia kwenye 470. Kwenye mashine za mtumba zenye kadi hizo, nouveau mara nyingi ndiyo chaguo la amani. Faili lenye mwisho wa “.run” linalopakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji huandika juu ya faili za mfumo bila ghala la vifurushi kujua, na kerneli inayofuata ikija, kinachofuata ni hali ile ya barua za Sakina, Njiro na Usa River.

Je, Linux inaweza kuua kioo cha kompyuta mpakato?

Kwa kawaida hapana.

Fundi anapendekeza kuipasha moto chipu ya michoro kwa kipulizio. Je, kuna faida?

Joto hilo huweza kuifufua chipu yenye miunganiko iliyoachia kwa siku au majuma machache, muda unaotosha fundi kulipwa, lakini kiini cha uharibifu hubaki na bodi nzima huwa imeumizwa. Kabla ya mtu yeyote kushika kipulizio, jaribio la bure linapaswa kufanywa: mashine iwashwe na kuingizwa kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla ya mfumo endeshi wowote. Mistari na madoa yakionekana hata hapo, kifaa ndicho chenye kasoro. Yakitokea tu baada ya Linux kuanza, chanzo mara nyingi ni programu, ambayo hakuna joto litakaloitibu. Kioo kinachopepesa kwenye mashine ya Intel, kwa mfano, mara nyingi hutulia kwa kuongeza “i915.enable_psr=0” kwenye mstari wa kuanzishia kerneli, hatua inayozima uwezo wa paneli kujihuisha yenyewe kwa ajili ya kuokoa umeme.

Joto linalohitaji kushughulikiwa ni lile linalotokana na uchafu. Udongo wa kivolkano wa Meru hutoa vumbi jepesi wakati wa kiangazi, na vumbi hilo huziba mapezi ya kupozea mpaka chipu ikazidiwa na picha ikaganda. Kusafisha feni na kubadilisha mafuta ya kupitishia joto ni kazi ya uaminifu ambayo fundi anastahili kulipwa.

Shule moja inauliza: Kwa nini projekta inakataa kupita nukta 1024 kwa 768?

Kwa sababu kompyuta haijui ni nani aliye upande wa pili wa waya. Kila kioo na projekta hubeba maelezo mafupi yaitwayo EDID, ambayo kwa umbo lake la msingi ni baiti 128 zinazotaja vipimo vya picha inavyovikubali. Katika waya wa VGA wenye pini 15, maelezo hayo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15, na waya za bei rahisi mara nyingi hazina pini hizo au zimepinda. Draiva isiyopata jibu huchagua kipimo salama, ambacho ndicho hicho. Waya mwingine ujaribiwe kwanza. Ukikosekana, na ikiwa mfumo unatumia Xorg, “cvt” hukokotoa kipimo kinachotakiwa na “xrandr” hukiongeza kwa mkono.

Je, “nomodeset” iachwe ya kudumu ikiwa imeleta picha?

Isiachwe. Neno hilo, likiwekwa kwenye mstari wa kuanzishia kerneli, huizuia draiva kusimamia kioo, nayo kazi yote ya kuchora huhamia kwenye prosesa kwa kupitia programu iitwayo llvmpipe. Ni gongo la kumfikisha mgonjwa hospitalini, na anayeishi nalo hulalamika kwamba video zinakwama na betri haidumu.

Draiva ya NVIDIA imesakinishwa bila kosa lolote, lakini haipakiwi.

Secure Boot, yaani ulinzi wa mashine unaokataa moduli zisizo na saini, imeizuia. Wakati wa kusakinisha, mfumo huomba nywila, na mashine ikiwashwa upya hutokea ukurasa wa bluu unaotaka nywila ileile ili saini iandikishwe. Watu wengi huuruka kwa kudhani ni kosa.

Barua za walimu wa Karatu: Kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia sola huonyesha alama ya radi pembeni mwa kioo, kisha picha hukatika.

Karatu ni mahali ambapo shirika la Powering Potential limeweka kompyuta za aina hiyo kwa umeme wa jua katika shule za sekondari, kwa hiyo swali hili ni la vitendo. Alama ya radi si hitilafu ya draiva: ni onyo kwamba umeme umeshuka chini ya volti 4.63 hivi. Waya mrefu na mwembamba wa USB hupoteza volti njiani hata betri ikiwa imejaa, na tiba yake ni waya mfupi, mnene, wenye chanzo kinachotoa ampea za kutosha. Amri ya “vcgencmd get_throttled” ikijibu 0x0, umeme haukupungua tangu mashine ilipowashwa.

Je, ujumbe wa makosa unaweza kupatikana kwa Kiswahili?

Kwa sehemu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana, lakini ujumbe wa kerneli bado ni wa Kiingereza. Vyuo vya ufundi na vya sayansi vya Arusha, kuanzia mjini hadi Tengeru, vina vijana wanaoweza kuuandikia mwongozo wa Kiswahili, na kutokuwapo kwake kunawapa waganga wa kompyuta wateja wasiostahili kuwapata.

Anayeomba msaada aje na nini?

Aje na matokeo ya “lspci -k”, “uname -r” na “journalctl -b -1 -k”, ambayo ni daftari la kerneli la safari iliyotangulia ya kuwashwa kwa mashine, yakiwa katika faili la maandishi, pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa kabla ya hitilafu kuanza. Fundi anayetaja bei bila kuyasoma hayo anakisia, na mteja ana haki ya kuichukua mashine yake na kuondoka.