Bata mwitu: maswali kutoka Kiembe Samaki

Mwalimu, usiku wa masika nasikia miluzi ikipita juu ya paa. Ndege gani hao?

Yumkini bata miluzi. Uso mweupe kama bibi aliyejipaka liwa, kisogo cheusi, kifua cha hudhurungi. Mchana hushinda kando ya maji. Magharibi ikiingia huruka kwenda malishoni, wakiitana njia nzima wasipoteane.

Ni wageni kutoka Ulaya?

Hao wa kwetu, ni wa Afrika. Wapo bata wengine wanaoshuka Afrika Mashariki kutoka kaskazini kila mwaka kukimbia baridi. Tanzania imo katika mkataba wa kuwalinda ndege wa maji wanaohama tangu 1999.

Basi tukilinda mikoko, bata watasalimika?

Haitoshi. Mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ambayo pamoja na msitu wa Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, ni nyumba ya yangeyange, kaa na samaki wachanga. Bata miluzi anataka maji matamu ya kina kifupi: bonde la mpunga kama la Cheju, au kidimbwi kinachojaa masika na kukauka kiangazi. Humo hupata mbegu za majani, konokono na wadudu.

Na hicho kidimbwi ndicho kisicho na mtetezi. Kikishakauka Januari, mtu hukiona kiwanja. Lori linamwaga kifusi, msingi unachimbwa, na mvua zikirudi maji yanaingia sebuleni. Watu wa Mwanakwerekwe hawana haja ya kuelezwa. Wanajua ziwa lilivyokuwa likikata barabara. Tena Unguja tunakunywa maji ya ardhini, na mahali maji yanaposimama ndipo mengine huzama kujaza visima. Mimi nasema anayefukia bonde anamdhuru jirani kabla ya bata.

Wanatumalizia mpunga. Tuweke sumu?

Hata kidogo! Sumu haichagui: itaua kuku wako, na itamdhuru atakayemla bata huyo. Hasara kubwa hutokea mbegu ikiwa ndiyo kwanza imemwagwa kwenye maji yaliyosimama. Punguza maji siku hizo, au pandikiza miche. Na kuamia kuwe usiku. Wengi huamia mchana kutwa, kisha wanakwenda kulala saa bata anapoanza kula.

Nichimbe bwawa uani niwavute?

Ungekuwa shamba ningekuunga mkono. Kiembe Samaki, hapana: uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume uko hapo hapo, na kundi la bata mbele ya ndege inayotua ni hatari. Hata mabaki ya chakula usiyatupe ovyo karibu na uwanja.

La kufanya ni hili. Kabla hujanunua kiwanja, waulize wazee wa mtaa kama masika maji husimama pale. Wakisema ndiyo, kiache. Na ukiona malori yanamwaga kifusi bondeni, mwone sheha siku ile ile, kisha peleka taarifa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA. Kifusi kikishasambazwa na ukuta ukasimama, kukiondoa ni kesi ya miaka.