Kilo Zimepungua, Sasa Lengo Liwe Nini?

Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, lina hadithi maarufu: inasemekana ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Sayansi haina miujiza ya namna hiyo. Inaweza tu kueleza jambo dogo zaidi: kwa nini anayepunguza mwili kwa kupanda mlima uleule kila asubuhi hufika mahali kilo zikagoma kushuka.

Tuanze na kazi yenyewe. Kupanda ni kuinua mwili dhidi ya mvutano wa dunia. Zidisha kilo zako kwa 9.8, kisha kwa mita ulizopanda kwenda juu. Mtu wa kilo 90 akipanda mita 100 kwenye milima ya Mbooni, amefanya kazi ya juli 88,200, takriban kalori 21. Lakini misuli ina hasara kubwa: robo tu ya nishati, au pungufu, hugeuka kazi; iliyobaki hutoka kama joto, ndiyo maana unatokwa jasho. Kwa hiyo kupanda kwenyewe, tukiacha gharama ya kwenda mbele, kumekula kalori 84 hivi. Sasa chukua embe la Makueni: gramu 200 za nyama yake zina kalori 120. Na kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori 7,700 hivi. Hesabu hii inaudhi, lakini haina ubishi: kinachoshusha kilo hasa ni sahani.

Mazoezi ni ya nini, basi? Mwili ukipunguziwa chakula hauchomi mafuta peke yake, hula na misuli. Misuli inayofanyishwa kazi nzito, ikilishwa ndengu, mbaazi na maharagwe, hupona zaidi. Kwa hiyo wakati wa kupungua, lengo la mazoezi ni kulinda nguvu.

Tuseme mtu wetu amefika kilo 75. Ametua mzigo wa kilo 15, kama mtungi wa lita 20 uliojaa maji robo tatu. Mlima uleule sasa unamgharimu kalori 70. Ili afanye kazi ya zamani lazima apande mita 120, au abebe kilo 15 mgongoni. Tena, mwili mdogo hutumia nishati kidogo hata ukiwa umelala, na njaa huzidi. Ndiyo sababu wengi hurudia unene: lengo lao lilikuwa namba ya mizani, nayo ilipotimia hawakuwa na lingine.

Weka lengo jipya la kazi: dakika za kufika kileleni, au umbali wa kubeba mtungi bila kupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Na kama unameza dawa za kisukari au presha, mwone daktari mapema. Dozi iliyofaa kilo 90 huenda ikazidi kwa kilo 75.