Kumfuatilia Mgonjwa Aliyekatwa Saratani Changa ya Puru

Mwongozo huu umeandikwa kwa wauguzi, matabibu na madaktari wa hospitali za wilaya na mikoa. Ndio wanaompokea mgonjwa aliyetibiwa saratani changa ya puru katika hospitali kubwa, akarudi nyumbani na barua ya kurasa mbili. Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, kinachotunza choo kabla hakijatoka. Upasuaji unaozungumziwa hapa ni ule wa kukata uvimbe wenyewe kupitia njia ya haja kubwa, bila kufungua tumbo. Mgonjwa hukaa wodini siku chache, puru yake inabaki, na hahitaji mfuko wa choo tumboni.

Njia hii ilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale daktari Mjerumani Gerhard Buess alipobuni bomba la upana wa sentimita 4 linaloingizwa kwenye puru pamoja na lenzi na hewa, ili mpasuaji aone vizuri anapokata. Faida zake ni za kweli. Mtu anayeondolewa puru yote anaweza kuishi na mfuko wa choo, au akabaki bila mfuko lakini akawa anakimbilia choo mara nyingi kwa siku, na wengine huharibikiwa nguvu za tendo la ndoa. Aliyekatwa uvimbe pekee huepuka sehemu kubwa ya hayo.

Deni la upasuaji huu ni tezi. Kwenye mafuta yanayoizunguka puru kuna tezi za limfu, na ndiko saratani hukimbilia kwanza. Upasuaji mkubwa huziondoa pamoja na puru, kisha zikapimwa. Upasuaji mdogo huziacha zilipo. Kwa hiyo mgonjwa anaondoka hospitali akiwa na swali ambalo halijajibiwa, na jibu lake hupatikana kwa kumwangalia miaka mingi. Kazi hiyo ya kumwangalia ndiyo inayotuangukia sisi.

Uwezekano wa tezi kuwa na saratani hutegemea kina ambacho uvimbe umefika. Ukiishia kwenye tabaka la chini ya utando wa ndani huitwa T1, na ukiingia kwenye msuli wa ukuta huitwa T2. Tabaka hilo la T1 nalo wataalamu wa patholojia huligawa katika theluthi tatu. Katika uchambuzi wa Mayo Clinic uliochapishwa 2002, tezi zilikutwa na saratani kwa asilimia 3 ya wagonjwa ambao uvimbe wao uliishia theluthi ya juu, asilimia 8 kwa theluthi ya kati, na asilimia 23 kwa theluthi ya chini. Wote hao huandikwa T1. Ndiyo maana neno "T1" peke yake kwenye barua ya mgonjwa halitoshi.

Matokeo ya muda mrefu yanaonyesha jambo hilohilo. Marekani, kundi la utafiti liitwalo CALGB lilichagua wagonjwa kwa vigezo vikali: uvimbe usiozidi sentimita 4, usiozunguka zaidi ya asilimia 40 ya ukuta wa puru, na kingo safi baada ya kukatwa. Wagonjwa 59 wa T1 walikatwa uvimbe tu. Wagonjwa 51 wa T2 waliongezewa mionzi na dawa ya saratani. Kwa kipimo cha miaka 10, asilimia 84 ya kundi la T1 na asilimia 66 ya kundi la T2 walikuwa hai, na saratani ilirudi palepale kwa asilimia 8 na asilimia 18. Hesabu za Minnesota zilizochapishwa 2000 ni nzito zaidi. Kwa waliokatwa uvimbe pekee, saratani ilirudi palepale ndani ya miaka mitano kwa asilimia 18 ya T1 na asilimia 47 ya T2, na hawa wa T2 hawakupewa tiba ya nyongeza.

Kwa T1, asilimia 8 ya CALGB na 18 ya Minnesota ni umbali mkubwa kwa ugonjwa wa hatua moja. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya umbali huo inatokana na nani alichaguliwa na jinsi alivyokatwa. Na kwa T2, asimwambie mtu yeyote mgonjwa kwamba kukatwa uvimbe pekee kunatosha.

Barua ya patholojia ndiyo ya kusoma kwanza. Tafuta kina cha uvimbe, usafi wa kingo, kiwango cha seli kutofanana na seli za kawaida, na kama seli za saratani zimeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu. Kimojawapo kikiwa kibaya, au kisipoandikwa kabisa, piga simu hospitali iliyofanya upasuaji siku hiyohiyo. Mgonjwa huyo anastahili kurudishwa mapema kwa upasuaji mkubwa au tiba ya nyongeza. Akikamilishiwa tiba ndani ya wiki chache, nafasi yake hukaribia ile ya aliyeanza na upasuaji mkubwa. Akisubiriwa mpaka ugonjwa urudi, mambo hubadilika. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, wagonjwa 50 waliorudiwa na saratani baada ya kukatwa uvimbe walifuatiliwa, na ni asilimia 53 tu waliofikisha miaka mitano bila kuuawa na ugonjwa huo, tena wengi wao baada ya upasuaji mpana wa nyonga.

Hapa niseme neno kuhusu bawasiri. Kwetu damu kwenye choo huitwa bawasiri kabla kidole hakijaingia kupima, na wapo wanaokatwa "kinyama" kwenye chumba cha upasuaji mdogo, kikatupwa kwenye ndoo. Kila kinachotolewa kwenye puru kiende maabara, kikiwa kipande kimoja, kimenyooshwa na kubanwa kwa pini kabla ya kuingia kwenye formalini. Kikifika vipandevipande, hakuna mtaalamu atakayeweza kusema kingo ni safi, na mgonjwa atabeba mashaka hayo maisha yake yote.

Ratiba ya kumwangalia ni hii. Miaka miwili ya kwanza aonwe kila miezi mitatu hadi sita, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Kila ziara: historia, uzito, kupapasa tumbo na mitoki ya kinena, kidole, kipimo cha damu cha CEA kinapopatikana, na kuangaliwa kovu kwa kamera fupi ya puru. Kamera huona ndani ya utumbo tu, kwa hiyo tezi za nje zinahitaji MRI, nayo ni ya kumwombea rufaa. Kamera ya utumbo mpana wote ifanyike mwaka mmoja baada ya upasuaji.

Kidole kisidharauliwe. Uvimbe mwingi wa aina hii hukatwa kwa sababu uko chini, mahali ambapo kidole hufika. Fanya kipimo cha kwanza kovu likishapona, uandike lilivyo: laini au gumu, sentimita ngapi kutoka mlangoni, upande gani. Atakayempima baada ya miaka miwili atahitaji kulinganisha na maneno yako.

Kuhusu upande, kuna kosa linalotunyemelea sisi tunaozungumza Kiswahili. Vitabu vya upasuaji hutaja mahali pa kovu kwa mishale ya saa, na namba 3 ni kushoto kwa mgonjwa aliyelala chali. Lakini saa yetu inapokuwa saa tatu, mshale uko kwenye namba 9, upande wa kulia. Ukiandika "saa tatu", mwenzako anaweza kulitafuta kovu upande wa pili kabisa. Andika mbele, nyuma, kushoto au kulia kwa mgonjwa.

Mgonjwa naye aelezwe kwa maneno anayoyaelewa, mbele ya mwenzi au mtoto akiridhia. Mathalani: "Mzee wangu, uvimbe tuliouona umetoka. Lakini pembeni ya utumbo kuna tezi ndogo ambazo hazikutolewa, na ugonjwa unaweza kujificha humo bila kuuma. Tutakuangalia miaka mingi, hata ukijisikia mzima. Ukiona damu, choo kikibadilika, au ukihisi uzito nyuma, usisubiri tarehe ya kadi."

Akija kila miezi mitatu na baadaye kila sita, hizo ni ziara 14 kwa miaka mitano. Kwa dereva wa basi au mwalimu wa shule ya mbali, kila ziara ni siku mbili au tatu za kazi. Mwandikie cheti kila mara bila kuombwa. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka. Kwa mfanyakazi wa Kenya siku hizo ni chache, hivyo panga kamera, damu na kumwona daktari viwe siku moja.

Faili lisifungwe mwaka wa tano. Katika rekodi za Memorial Sloan Kettering za 2002, saratani ilirudi palepale hadi mwaka wa saba, na asilimia 28 ya vifo vilivyotokana na ugonjwa vilitokea baada ya miaka mitano. Mwite mara moja kwa mwaka hadi mwaka wa kumi. Watu hubadilisha laini za simu na kuhama miji, kwa hiyo kwenye jalada la faili andika namba yake, namba ya ndugu mmoja, na jina la mtaa au kijiji alikozaliwa.