Pikipiki ya Kijana Anayekwenda Chuo: Mafunzo Niliyopata Kati ya Kibondo na Kasulu

Kijana wetu alipopata nafasi katika chuo cha afya Kasulu, tulijua atahitaji usafiri wake mwenyewe. Chumba cha kupanga kiko mbali na chuo, na wakati wa mazoezi atapangiwa zahanati za vijijini ambako hata mchomoko, gari dogo la abiria, haufiki. Gari lilituzidi uwezo, tukamnunulia pikipiki ya mkononi hapa Kibondo. Nayaandika haya kwa mzazi anayejiandaa kufanya hivyo.

1. Kadi kwanza, bima baadaye.
Pikipiki nyingi zinauzwa kwa kukabidhiana kadi tu, yenye jina la mtu aliyekwisha kuiuza zamani. Kabla ya kutoa pesa, linganisha namba za chesisi na injini na zilizo kwenye kadi. Andikishaneni mkataba mbele ya mashahidi, kisha hamisha umiliki TRA. Jina la kwenye kadi likipishana na la kwenye bima, siku ya madai utabaki kujieleza.

2. Leseni iendane na injini.
Boxer ya cc 150 inahitaji Daraja A; isiyozidi cc 125 ni A1. Kijana aliyejifunzia njia za shambani anaweza kuwa hodari wa usukani, ila alama za barabarani hazijui. Apite chuo cha udereva, apimwe na trafiki. Asiye na leseni akipata ajali, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa.

3. Jua bima inamlipa nani.
Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, inamfidia mtu mwingine uliyemdhuru. Pikipiki yako ikiibwa, haikulipi. Mwanao akivunjika mguu, haimtibu. Anayetaka chombo chenyewe kilindwe aulizie bima kubwa na apime gharama dhidi ya thamani ya pikipiki. Kwa afya ya kijana, tulilipia bima ya afya ya NHIF ya wanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka. Usiihesabu kama mchango mdogo wa chuo. Ndiyo itakayompokea hospitali.

4. Hakiki stika ya bima kabla hujaachana na wakala.
Mfumo wa TIRA MIS, wa mamlaka ya bima, unapatikana kwenye simu. Ingiza namba ya usajili, uone kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Bima isipoonekana, usikubali kuambiwa urudi kesho.

5. Zungumzeni waziwazi kuhusu abiria na marafiki.
Hapa ndipo tulipokaa kitako muda mrefu. Mwanafunzi akiishiwa pesa ya kula, kupakia abiria wawili watatu jioni kunavutia. Lakini pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi hailindwi ikifanya bodaboda. Biashara hiyo ina bima yake na leseni ya LATRA. Tulikubaliana: pesa ikiisha, apige simu nyumbani. Na rafiki asiye na leseni haazimwi, hata kwa safari ya dukani.

6. Mwache kijana ashike spana.
Sikumwachia fundi kazi peke yake. Nilimtaka mwanangu awepo. Fundi alibonyeza cheni kwa kidole katikati, ikacheza kama sentimita mbili, akamwambia, "Dogo, ikizidi sana hapa, kaza. Ikikatika kwenye mlima, inakuangusha." Akamfundisha kutazama oili, kukagua brek shuu, kubadilisha plagi. Tairi kipara tulilitupa, tukanunua lenye meno, maana udongo wetu mwekundu ukilowa mvua za masika unateleza mno.

7. Lami nayo ina hatari yake.
Zamani vumbi na mashimo vilituzuia kukimbia. Sasa lami inapita Mvugwe na Makere, na mwendo umepanda. Kofia ngumu ifungwe kamba kidevuni, na safari ya Kibondo–Kasulu isifanywe usiku.

8. Afahamu la kufanya akipata ajali.
Tulilirudia mpaka akalisema mwenyewe: asikimbie, amsaidie majeruhi, apige picha, aite polisi, achukue PF3 kwa matibabu, na atoe taarifa kwa kampuni ya bima mara moja. Asisaini makubaliano ya kando ya barabara. Kampuni ikileta ubishi usio wa haki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Namba ya bima na ya wakala ziwe kwenye simu yake, kwa sababu siku hiyo mzazi atakuwa Kibondo.